Kwa Nini Zulmira Anaanguka

Fontelasca, 3 Machi 2006

Wifi Graciete,

Najua umeshasikia. Binti wa mwenye mkahawa alipanda basi la asubuhi kuja huko Coimbra, na mdomo wake hauhitaji hata basi. Kwa hiyo nikuambie mwenyewe kabla habari haijaota pembe: ndiyo, nimeanguka. Sikuvunjika. Nimechubuka kidevu na goti limevimba kidogo. Natembea, nala, na kuongea naongea kama unavyonijua.

Nimeanguka kwenye ngazi yangu mwenyewe, ile ya nje inayoshuka kutoka mlango wa jikoni hadi kwenye ghala la viazi. Ngazi niliyoolewa nikaikuta! Nimeishuka na mtoto mkononi, nimeishuka na ndoo za nguruwe, nimeishuka nyuma ya jeneza la kaka yako Armindo, na sikuwahi hata kujikwaa. Sasa tangu Krismasi imenigeuka. Leo nashuka salama, kesho najikuta nimekaa chini sijui nimefikaje. Na sikuwa nimelewa, kabla hujauliza. Nakujua wewe.

Goti si kitu. Tatizo ni Aderito. Kuna mtu alimpigia simu huko Ufaransa akamwaga mtama wote, naye akanipigia akifoka utadhani mimi ndiye mtoto na yeye ndiye aliyenizaa. "Mama, ukianguka tena, Agosti nikija nafunga nyumba. Chagua: kwangu Lyon, au nyumba ya wazee pale mjini." Kwake Lyon ni ghorofa ya juu kabisa, na mkewe hapiki kitu kisichotoka kwenye pakiti. Hiyo nyumba ya wazee niliingia mara moja kumwona marehemu Etelvina. Wamekaa duara, televisheni inaongea peke yake, na mlango unafunguliwa na mwenye ufunguo. Wifi, mimi huko nakufa kabla ya kufungua begi.

Wewe uko mjini, na uliniambia unakwenda kwenye lile darasa la wazee la kituo cha afya. Hebu waulize: kwa nini mtu mzima, hajalewa, haumwi, anaanguka kwenye ngazi anayoijua kuliko jina lake? Nataka kujua. Hata Aderito asingekuwepo ningetaka kujua, maana jambo lenyewe linanikera. Usipige simu. Kwenye simu nasikia nyuki tu, na wewe ukipaza sauti kijiji kizima kinanyamaza kusikiliza.

Wifi yako,
Zulmira


Coimbra, 14 Machi 2006

Wifi yangu mpenda sakafu,

Pole, na uongo wako nimeuona. Nimechubuka kidevu! Binti wa mkahawa anasema kidevu chako kilikuwa na rangi zote za bendera. Haya, tuyaache.

Barua yako niliibeba hadi darasani. Mwalimu wetu ni binti mmoja anaitwa Ivone, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, mwembamba, halafu ana sauti ya mwuza samaki. Siku ya kwanza alituambia tusimame kutoka kwenye kiti bila kushika kitu. Ungeona vituko! Yupo mzee mmoja aliyekuwa mkuu wa posta, alinyanyuka nusu, akabaki hapo hapo anatafakari. Mimi nilisimama. Sisemi nilisimama vipi.

Nilipomsomea kisa chako, Ivone hakucheka. Alivuta kiti akaanza kuuliza maswali kama askari wa upelelezi, na mimi sikuwa na jibu hata moja, aibu tupu. Kwa hiyo nakutupia wewe. Yale mazulia ya vitambaa uliyofuma, bado yametandazwa jikoni? Yanateleza, wifi, tangu enzi za mama yangu. Vile vidonge vya presha unakunywa saa ngapi, na ukiinuka kitandani ghafla kichwa kinazunguka? Paka bado anapenda kulala mlangoni? Miwani umepimwa lini? Na mvinyo, Zulmira. Amenikazia hapo kwenye mvinyo. Nilimwambia wifi yangu anakunywa kama watu wengine, akasema hilo ndilo linalomtia wasiwasi.

Halafu mazoezi. Shika sinki kwa mikono miwili, nyanyua mguu mmoja, hesabu taratibu, badilisha. Kila siku. Anasema miguu ya mzee ni kama unga wa mkate, usipoukanda unakaa tu hapo. Mimi nakwenda kule kwa kupenda kujua mambo tu, lakini hili nalifanya pia.

Jaribu yote, moja baada ya jingine, uniandikie. Mkuu wa posta ameshaanza kubashiri kuwa ni paka.

Graciete


Fontelasca, 30 Machi 2006

Graciete,

Kwanza, mwandiko wako umepatwa na nini? Ulikuwa na mwandiko wa mtawa, sasa herufi zinatembea kama kuku waliofunguliwa. Nimelazimika kukusoma kwa sauti ndipo nielewe.

Haya, ripoti. Mwambie mkuu wa posta kwamba paka ameshtakiwa, amesikilizwa, ameachiwa huru. Siku ya mwisho nilipoanguka yeye alikuwa kwa jirani, kwa Belmiro, anaiba samaki wa chumvi. Vidonge nilimpelekea muuguzi anayekuja na gari Jumanne. Alinipima presha nimelala, akanipima nimesimama, akasema angefurahi kuwa na presha kama yangu. Mvinyo niliupunguza hadi nusu glasi. Nikaanguka vile vile, kidogo tu, kwa makalio, kwa hiyo ile nusu nyingine nimeirudisha. Sioni sababu ya kuteseka bure.

Mazulia niliyatoa nje nikayaanika ukutani. Basi hapo nikajiletea balaa. Belmiro, yule aliyefiwa na mkewe Lucinda, akadhani yamepeperuka kwa upepo, akayakunja vizuri akaniletea mpaka jikoni, na kipande cha paja la nguruwe juu yake. Akanikuta nimeshika sinki, mguu mmoja hewani. Alifanya ishara ya msalaba. "Dona Zulmira, unaumwa?" Nikamwambia nafanya mazoezi. Akasema, "Mwanamke hapaswi kuwa peke yake mpaka afikie hali hii." Makubwa! Nilimrudishia mazulia, paja la nguruwe nikabaki nalo.

Sasa sikia jambo la ajabu, maana hili ndilo limenifanya nikuandikie leo badala ya Jumapili. Siku ya mkate sianguki. Unajua tunavyofanya, tunawasha tanuri la kijiji, kila mwanamke anakanda kwake kisha anapeleka. Siku hiyo napanda na kushuka ngazi kutwa nzima: kuni, maji, unga, kuni tena. Jioni mgongo unanilia. Ndiyo siku ninayochoka kuliko zote, na ndiyo siku ambayo miguu yangu inakwenda kama ya msichana! Nimekaa nikakumbuka nyuma mpaka Krismasi. Hata mara moja sijaanguka siku ya mkate.

Niambie ni nini hicho. Silali nikikiwaza.

Zulmira


Coimbra, 11 Aprili 2006

Zulmira,

Umetuvurugia darasa. Nilipowasomea habari ya mkate hakuna aliyefanya mazoezi tena. Mkuu wa posta anasema ni Mtakatifu wa tanuri, ila hakumbuki ni yupi. Mama mmoja wa mtaa wa Santa Clara anasema joto la moto linalegeza magoti. Mkwe wangu Celeste, nilipomweleza mezani, akasema siku ya mkate unashiba, basi. Mwanangu Norberto, yule aliyenisihi nihamie kwake, akasema ni bahati tu. Norberto kila asichokielewa ni bahati.

Ivone alingoja kelele ziishe. Kisha akaniambia: "Dona Graciete, sisi tunabishana na wifi yako ndiye anayesimama pale. Mwambie siku ya kawaida asimame juu ya ngazi, ashike ukuta, asishuke. Aangalie chini. Aandike anachokiona, na asiandike anachokijua. Halafu afanye hivyo hivyo siku ya mkate." Nikamuuliza unatafuta nini? Akasema hata yeye hajui bado, ndiyo maana anauliza. Nampenda sana yule binti.

Mwandiko ni kalamu. Kalamu za siku hizi hazifai.

Fanya haraka, wifi, hapa kuna watu hawalali.

Graciete


Fontelasca, 2 Mei 2006

Graciete, Graciete!

Keti kwanza.

Jumatano mvua ilikuwa imekatika, nikasimama juu ya ngazi kama mlivyoniamuru. Nikashika ukuta. Nikaangalia chini. Wifi, sina miguu! Sikutanii. Niliona sketi inaishia kwenye weusi, na weusi unaendelea mpaka chini kwenye ghala. Sketi nyeusi, soksi nyeusi, sapatu nyeusi za kitambaa, juu ya mawe meusi yaliyolowa. Nilitikisa kidole gumba ili nijue kilipo. Nilikihisi, sikukiona. Mahali jiwe linapoishia na hewa inapoanza sikupaona kabisa. Nikarudi ndani kinyumenyume nikaketi.

Kumbe nimekuwa nikishuka kwa kukumbuka tu! Na kumbukumbu yangu unaijua.

Jumamosi ikawa siku ya mkate. Nimekanda, nimekata madonge ya mikate, nikaenda tena mlangoni, nikashika ukuta, nikaangalia. Na hapo miguu yangu ikanitazama. Miwili, myeupe kwa unga mpaka kwenye kifundo! Sapatu zimejaa unga, soksi zimejaa unga, na kila jiwe nililokanyaga asubuhi lina alama nyeupe ya wayo. Nilisimama pale nacheka peke yangu mpaka Belmiro akatoa kichwa dirishani.

Na sababu ya kuanza Krismasi naijua pia. Zamani kila Pasaka tulipaka chokaa kwenye kingo za ngazi, unakumbuka, mama yako alitugombeza tukiipaka vibaya. Mwaka jana wakubwa wa kijiji wakakataza. Watalii wanataka kuona mawe meusi, wanasema, kijiji kibaki kama cha kale, kana kwamba watu wa kale hawakuwa na chokaa. Anayepaka analazimishwa kuisugua itoke, kwa brashi, mbele ya watu. Basi ile chokaa ya zamani mvua imeila polepole, ilipofika Krismasi ikawa imekwisha, na macho yangu nayo si yale. Mwambie Ivone. Mbusu mashavu yote mawili.

Sasa kazi ni moja tu, kujua la kufanya, maana siwezi kujimwagia unga kila asubuhi.

Zulmira mwenye miguu


Coimbra, 15 Mei 2006

Wifi yangu mpendwa,

Darasa lilipiga makofi. Mkuu wa posta alitoa machozi, akasema ni mafua. Ivone alisema macho ya uzeeni yanataka tofauti, cheusi juu ya cheusi hayakipati hata mtu avae miwani mitatu, na kwamba angependa kukuajiri. Anataka uende kwa daktari wa macho pia, uangaliwe mtoto wa jicho. Usimbishie.

La kufanya ni rahisi. Fungua kifurushi. Nimezinunua sokoni mwenyewe: sapatu nyeupe, soli ya mpira isiyoteleza, zinafunga kisigino vizuri. Namba yako naijua, tulikuwa tunaazimana viatu vya kanisani. Na usinieleze habari ya msiba. Armindo yuko ardhini miaka kumi na mmoja. Mimi ni dada yake, sina ndugu mwingine, na kama kuna mtu duniani mwenye haki ya kukufungua ni mimi. Nimekufungua. Umemlilia vya kutosha.

Nikuambie kitu ambacho sijawahi kukuambia. Nyeusi yako imenipa fahari sana. Wajane wengine walikuwa wameshavaa maua kabla udongo haujakauka, nikasema, tazama wifi yangu mimi. Hata darasani nimewaambia: kaka yangu alipendwa. Sasa vaa nyeupe miguuni, na atakayesema kitu mlete kwangu.

Graciete


Fontelasca, 4 Juni 2006

Wifi,

Sapatu zimefika. Ni nzuri. Nimezijaribu nyuma ya mlango uliofungwa, nikashuka ngazi ya ndani iendayo darini na kupanda, nikaona kila kidole. Kisha nimezifunga kwenye gazeti nikazitia sandukuni. Sizivai.

Umeniandikia maneno mazito ya Armindo, na mimi nikikujibu kwa kuzungukazunguka nitakuwa nimekukosea heshima. Basi nasema wazi. Nyeusi hii si ya Armindo. Miaka ya mwanzo ndiyo, ilikuwa yake, nilimlilia na wewe uliniona. Baadaye nilitaka kuivua. Nilikuwa nimeshanunua hata kitambaa, cha buluu na vidoa. Nikawa nafikiria nikivaa itakuwaje, na ndipo nikagundua nilichokuwa nacho.

Hapa kwetu mjane mwenye nyeusi haulizwi. Naingia mkahawani, nakunywa mvinyo wangu nimesimama, nabishana na wanaume bei ya mbuzi, hakuna anayesema neno. Narudi nyumbani saa nitakayo, nafunga mlango wangu, napika nitakacho au sipiki. Nimetoka kwa baba nikaenda kwa mume, wifi. Sijawahi kuwa na mlango wangu kabla ya nyeusi hii. Siku nitakayoweka rangi, hata uzi mmoja, watasema Zulmira anatafuta mume. Na hawatasema tu. Belmiro amenyoa ndevu tangu siku ile ya mazulia. Juzi alisimama kwenye kisima akaniuliza kama najua kupika figo. Anatafuta mpishi na muuguzi wa nyonga yake, na akija rasmi na padri nyuma yake na Aderito kwenye simu akishangilia, "Mama, angalau hutakuwa peke yako," mimi nitasema nini? Sikuwahi kujifunza kusema hapana. Nyeusi ndiyo inanisemea.

Usiniambie nishone ukanda mweupe kwenye ncha za sapatu nyeusi. Nimewaza. Hapa wanaona hata kifungo kikibadilika.

Usinikasirikie. Bora ungebaki na fahari yako, lakini umenitumia sapatu, na mtu aliyekutumia sapatu humwambii uongo.

Zulmira


Fontelasca, 9 Julai 2006

Graciete,

Umenyamaza. Mwezi umepita. Basi la posta likifika naonekana kama mchumba anayengoja barua.

Nimeanguka tena. Si nyumbani, ni kwenye ngazi za kanisa, Jumapili, watu wote wakitazama. Nimeshonwa kwenye paji la uso. Aderito ameshaipigia simu ile nyumba ya wazee, wana kitanda kuanzia Septemba. Anakuja mkesha wa sikukuu ya Bikira Maria, na amemwomba Belmiro amtafutie mtu wa kununua mbuzi.

Kama umekasirika, kasirika kwa maandishi.

Z.


Coimbra, 21 Julai 2006

Zulmira,

Nilikasirika. Nilirarua barua yako nikaiunga tena kwa gundi. Mimi najigamba darasani kwamba kaka yangu amependwa miaka yote hiyo, kumbe mjane wake anafurahia kubishana bei ya mbuzi! Siku kadhaa sikutaka hata kusikia jina lako. Kisha hasira ikapoa nikabaki na wivu, na wivu wenyewe sikuuelewa mpaka uliposema umeanguka kanisani.

Kwa hiyo na mimi nasema wazi. Si kalamu. Nakuandikia kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulivunjika Oktoba, haukunyooka tena. Sikwenda darasani kwa kupenda kujua mambo, nilipelekwa na daktari. Na si kweli kwamba nilihamia kwa Norberto kwa kuwa alinisihi. Nilianguka kwenye ngazi za nyumba yangu, nikalala hospitali, na nilipotoka ile nyumba ilikuwa imeshapangishwa kwa watu wengine. Waliona wananisaidia. Vyombo vyangu viko kwenye maboksi chini ya kitanda cha mjukuu. Hapa kila nikisimama Celeste anasema, "Mama, keti, nitakuletea." Ni mwema. Keti, nitakuletea, kutwa nzima.

Unajua kwa nini nilianguka? Fimbo. Daktari alikuwa ameniambia mwaka mzima nitembelee fimbo, hata alinipa moja nzuri ya mti mwekundu. Niliiacha nyuma ya mlango, maana wanawake wa jengo letu hukaa barazani, na sikutaka waseme Graciete amekwisha. Zulmira, tangu Oktoba hakuna hata mmoja wao aliyepanda basi kuja kunitazama. Nilipoteza nyumba yangu kwa ajili ya watu ambao hawakumbuki namba ya mlango.

Belmiro aje. Padri aje. Wewe waogope ukiwa jikoni kwako. Kwenye lile duara la viti utawaogopa nini?

Na Armindo, mwache. Ulimlilia miaka ya mwanzo, hiyo ndiyo niliyoiona na hiyo hainyang'anyiki. Miaka mingine ni yako.

Graciete


Fontelasca, 19 Agosti 2006

Wifi,

Barua yako niliiweka kifuani ndani ya nguo, nikaenda nayo kila mahali mpaka sikukuu. Nilikuwa nakusoma kwenye zizi.

Aderito alifika mkesha na maboksi matupu ndani ya gari. Ya nini, nilijua. Alikula supu ya kabichi sahani mbili, akaangalia paji langu, akaangalia pembeni.

Asubuhi ya maandamano nilivaa nyeusi yangu yote, sketi, blauzi, kitambaa cha kichwa. Nikafungua sanduku nikavaa sapatu. Nikatoka mlangoni. Chini walikuwa wamesimama wanatusubiri, nusu ya kijiji, maana sanamu ya Bikira hupitishwa hapo kwetu, na Aderito mbele yao akawa tayari amenyoosha mkono aje anishike. Nikamwambia, "Ngoja hapo." Nikashuka. Sikushika ukuta. Niliona mguu, nikaona jiwe, nikaona ukingo, nikaweka. Kumbe ile ngazi ni nzuri, wifi, jiwe la katikati lina mshipa wa rangi ya kutu ambao sijawahi kuuona maisha yangu yote, au niliuona nikiwa bibi arusi nikasahau. Nilisimama pale nikautazama na watu wakinisubiri.

Kisha minong'ono ikaanza. Nilisikia "sapatu" ikipita kwenye midomo kutoka mwanzo wa mstari mpaka mwisho. Mke wa mwenye mkahawa akasema, kwa sauti ya mtu anayejifanya ananong'ona, "Haya, Zulmira ameamka." Na Belmiro, amevaa shati jipya lina mikunjo ya dukani, akavua kofia akanisogelea mbele ya wote, mbele ya padri, mbele ya mwanangu. "Dona Zulmira, nikiona hizo, nathubutu kuuliza."

Nilikuwa sina kitu cha kunisemea. Nikafungua mdomo nisijue kitatoka nini.

"Belmiro," nikasema, "hizi ni za kuonea ngazi. Mume simtafuti. Sitaki wewe wala mwingine, na si kwa ajili ya marehemu. Sitaki kwa sababu sitaki."

Hata wabeba Bikira walisimama. Halafu yule mama wa mkahawa akacheka, si kwa ubaya, akacheka kabisa mpaka akashika tumbo, na wengine wakafuata. Belmiro naye, masikini, alivaa kofia yake akasema angalau amejibiwa, wengine hawajibu. Jioni alileta figo zake akamwomba Aderito ampikie. Wamekula pamoja.

Aderito hakucheka. Alitembea kando yangu maandamano mazima akiangalia miguu yangu. Mara kwa mara mkono wake ulikuwa unakuja kwenye kiwiko changu, kisha unarudi mfukoni. Nilimwacha apambane nao mwenyewe. Kesho yake alinipeleka kwa daktari wa macho, ambaye amesema ni mtoto wa jicho kweli, ataniutoa, jicho moja kwanza, kisha jingine. Akanunua reli ya chuma akaipigilia ukutani kwa nje, na mkubwa wa kijiji alipokuja kusema watalii, Aderito akamjibu kwa Kifaransa maneno ambayo nashukuru sikuyaelewa.

Leo asubuhi akapakia gari. Nilisimama pale juu namwangalia. Aliingia ndani ya gari, akatoka, akapanda ngazi mpaka mlangoni, mzee mzima na mvi zake, akaniuliza kwa sauti ya alipokuwa mdogo, "Mama, na ukianguka?"

Nikamwambia, "Nitakuwa nimeangukia kwangu."

Alinibusu akashuka. Maboksi aliondoka nayo, matupu.

Zulmira